Fomu 34A: karatasi ya kituoni iliyowapa wapigakura hesabu yao

Usiku wa tarehe 9 Agosti 2022, siku 6 kabla ya mtu yeyote kutangazwa mshindi wa urais nchini Kenya, picha za fomu za matokeo zilianza kumiminika kwenye tovuti ya Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC). Kulikuwa na vituo 46,229 vya kupigia kura, na kila kituo kilitakiwa kutoa karatasi moja: Fomu 34A. Siku mbili baadaye karibu zote zilikuwa zimepandishwa. Mwenye simu na bando aliweza kuchagua kaunti, eneobunge, wadi, shule aliyopigia kura, kisha akaifungua fomu ya chumba kilekile alichosimama foleni mchana. Kando ya picha hizo tume haikuweka jumla yoyote. Iliweka karatasi, ikawaachia wananchi kalamu.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama ushahidi kwamba intaneti imewapa wananchi nguvu. Maelezo hayo ni mapana mno na hayasaidii. Wakenya walikuwa na simu mwaka 2007, na mwaka 2017 walikuwa na intaneti tele, nguvu haikuhama. Kilichobadilika mwaka 2022 ni aina ya taarifa na saa ya kuitoa: hati ya msingi, ya kila kituo, ikiwa wazi kabla ya jumla kutangazwa. Zamani mwenye jumla alikuwa peke yake. Safari hii jumla ilikuwa kazi ambayo mtu yeyote angeweza kuifanya, na mtangazaji akajua kwamba wengine wanaifanya.

Jumla zisizo na karatasi

Desemba 2007 kura za urais zilihesabiwa vituoni kama zinavyohesabiwa leo. Shida ilikuwa safari. Matokeo yalitoka maeneobunge kwa simu, kwa faksi na mikononi mwa maafisa hadi jumba la KICC jijini Nairobi, na njiani mwananchi hakuwa na pa kuchungulia. Tarehe 30 Desemba Samuel Kivuitu, mwenyekiti wa tume ya wakati huo, alimtangaza Mwai Kibaki kuwa mshindi. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa katika ghasia zilizofuata, na mamia ya maelfu wakafurushwa makwao. Tume ya uchunguzi ya jaji Johann Kriegler wa Afrika Kusini ilihitimisha mwaka 2008 kwamba hesabu ilivurugika kiasi kwamba haiwezekani kujua nani alishinda. Yaani nchi ilizika watu wake, na hata baada ya mazishi hakukuwa na hati ya kumaliza ubishi.

Machi 2013 tume mpya ilijaribu kutuma matokeo ya awali kwa simu kutoka vituoni. Zilizotumwa ni tarakimu tu. Hitilafu ya programu ikawa inazidisha kura zilizokataliwa mara 8, skrini zikaonyesha zaidi ya 300,000, kisha mfumo ukaanguka na maafisa wakarudi kubeba fomu kwa mkono hadi ukumbi wa Bomas jijini Nairobi, kituo cha kitaifa cha kujumlishia. Uhuru Kenyatta alitangazwa kwa asilimia 50.07, akiwa amevuka nusu kwa kura elfu 8 na kitu. Kwa pengo dogo namna hiyo, mwananchi wa kawaida hakuwa na karatasi ya kujihakikishia. Alichukua neno la tume au la mpinzani wake.

Sheria ikabadilishwa. Kifungu cha 39(1C) cha Sheria ya Uchaguzi kiliitaka tume kupeperusha matokeo ya urais kutoka kituoni kwa njia ya elektroniki, na kuchapisha fomu zenyewe kwenye tovuti ya umma. Juni 2017 Mahakama ya Rufaa, katika kesi ya IEBC dhidi ya Maina Kiai na wenzake, iliamua kwamba matokeo yakishatangazwa eneobungeni ni ya mwisho, na maafisa wa Nairobi hawana ruhusa ya kuyarekebisha. Uamuzi huo hautajwi sana kama unavyostahili. Kabla yake, fomu ya kituoni ilikuwa rasimu ikingoja baraka za makao makuu. Baada yake, makao makuu ndiyo yaliyolazimika kuafikiana na fomu.

Hata hivyo Agosti 2017 ilirudia kosa la zamani kwa vifaa vipya. Vifaa vya KIEMS, mfumo wa kielektroniki wa kusimamia uchaguzi, vilituma tarakimu zilizochapwa na msimamizi pamoja na picha ya fomu, na tume ikatangulia kuonyesha tarakimu. Matokeo yalitangazwa tarehe 11 Agosti huku maelfu ya fomu za vituo zikiwa hazijaonekana. Tarehe 1 Septemba Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu David Maraga, kwa majaji 4 dhidi ya 2, ilifuta uchaguzi wa urais. Upeperushaji haukufuata sheria, tume haikutii ipasavyo amri ya kufungua seva zake, na baadhi ya fomu zilikosa alama za usalama. Ndipo tume ikafanya mabadiliko madogo ambayo ndiyo kiini cha kisa hiki: mwaka 2022 kifaa kilituma picha tu. Hakuna tarakimu iliyochapwa kando, kwa hiyo hakukuwa na tarakimu mbili za kugombana.

Ndani ya fomu

Juu kuna jina la kituo na msimbo wa tarakimu 15: 3 za kaunti, 3 za eneobunge, 4 za wadi, 3 za mahali, yaani shule au ukumbi, na 2 za mwisho zinazotaja kituo chenyewe. Hizo 2 za mwisho ndizo huwachanganya wengi. Sheria inataka kituo kisizidi wapigakura 700, hivyo shule moja kubwa inaweza kuwa na vituo 8, kila darasa na sajili yake na fomu yake. Anayepiga picha fomu ya darasa la kwanza akidhani amepata matokeo ya shule nzima amekosa vituo 7.

Kisha yanakuja majina ya wagombea na kura zao. Mwaka 2022 walikuwa wanne: William Ruto, Raila Odinga, George Wajackoyah na David Mwaure Waihiga. Sehemu inayofuata ina idadi ya waliosajiliwa kituoni, kura zilizokataliwa, zilizobishaniwa, na jumla ya kura halali. Mwisho ni sahihi za msimamizi wa kituo na naibu wake, sahihi za mawakala wa wagombea, na nafasi ya maoni.

Kanuni za uchaguzi zina masharti mawili yanayowahusu mawakala. Wakala akikataa kutia sahihi, matokeo hayabatiliki. Anapaswa kuandika sababu, na sababu hiyo iliyoandikwa ndiyo yenye thamani mahakamani, si ile ya kwenye redio kesho yake. Pili, kabla fomu haijajazwa, wakala anaweza kuomba kura zihesabiwe upya, lakini si zaidi ya mara mbili.

Kituo kinafungwa saa 11 jioni, waliomo kwenye foleni wanamalizia, halafu kura ya urais inahesabiwa kwanza. Msimamizi anainua kila karatasi, anataja jina, anawaonyesha mawakala. Fomu ikijazwa na kutiwa sahihi, kifaa cha KIEMS kinaipiga picha na kuituma. Vituo zaidi ya 1,000 vilikuwa nje ya mtandao wa 3G na vilitegemea vifaa vya setilaiti. Fomu halisi inabebwa hadi kituo cha kujumlishia cha eneobunge, ambako fomu zote za eneo hilo zinaingizwa katika Fomu 34B. Fomu 34B za maeneobunge yote 290, pamoja na 34A zote, zinafikishwa Bomas na kuzaa karatasi moja ya mwisho, Fomu 34C.

Sasa hesabu nakala. Kuna fomu halisi iliyokwenda Bomas, picha iliyobaki ndani ya kifaa, picha iliyo kwenye tovuti, nakala zilizokabidhiwa mawakala, na nakala inayobandikwa mlangoni pa kituo ambapo mpita njia yeyote anaweza kuisoma. Anayetaka kubadilisha matokeo ya kituo kimoja baada ya kuhesabu lazima azifikie zote, zikiwemo zile zilizo mifukoni mwa watu wasiomtaka. Watu wengi walidhani usalama wa mfumo huu uko kwenye seva. La. Uko kwenye wingi wa nakala zilizotapakaa kwa watu wasioaminiana.

Nani atajumlisha?

Picha si tarakimu. Tume ilipoacha kuweka jumla, ilihamisha kazi kubwa hadi kwa umma, na hapo ndipo tofauti kati ya kupata taarifa na kuwa na nguvu ilipojitokeza.

Chukua dakika 2 kwa fomu moja: kuifungua, kuisoma, kuingiza msimbo, kura za wagombea wanne, waliosajiliwa na kura zilizokataliwa. Fomu 46,229 zinakula saa 1,541. Kazi ya aina hii haifai kufanywa na mtu mmoja bila wa pili kuiingiza upya kivyake, kwa hiyo zidisha mara mbili: saa 3,082. Watu 200 wakifanya zamu ya saa 8 wanamaliza kwa takriban siku 2, mradi mtandao usisite. Chama kikubwa kinaweza hilo. Runinga kubwa pia. Mwalimu mmoja mwenye simu hawezi.

Lakini gawanya kwa maeneobunge 290. Wastani ni fomu 159, ambazo mtu mmoja anaziingiza kwa muda wa saa 5 na dakika 20. Watu wawili wakifanya kila mmoja peke yake, kisha wakalinganisha, eneobunge zima linakamilika kabla ya jua kutua. Kipimo cha mwananchi wa kawaida ni hicho. Wengi walikimbilia kujumlisha nchi nzima wakachoka njiani, ilhali Fomu 34B ya kwao ilikuwa ndani ya uwezo wao, na makosa ya 34B ndiyo yangewahusu zaidi.

Vyombo vya habari vilijifunza hili hadharani. Runinga kubwa zilijenga vyumba vya kuingiza data na kuonyesha jumla zao zenyewe. Kwa siku mbili watazamaji waliona mgombea mmoja akiongoza kwenye chaneli hii na mpinzani wake akiongoza kwenye ile, jambo lililowatia watu wengi hofu. Kisha kasi ikapungua, na hesabu zikasimama kabla hazijafika mwisho. Hakukuhitajika hila yoyote ili zipishane. Kila chumba kilianza na maeneo tofauti. Matokeo ya nusu ya fomu yana maana ikiwa nusu hiyo imechaguliwa kwa nasibu. Ikiwa ni nusu iliyotangulia kufika, au iliyopangwa kwa mpangilio wa kaunti, ni picha ya ngome za mtu fulani tu. Vyombo hivyo vingekubaliana mapema kuingiza fomu kwa mpangilio mmoja wa nasibu, hofu ile ingepungua sana. Mtazamaji alistahili angalau kuelezwa kwa nini tarakimu zinapishana, na hilo halikufanywa vya kutosha.

Kuna njia nyingine isiyohitaji fomu zote. Kundi la waangalizi la ELOG lilichagua kwa nasibu vituo karibu 1,000, likaweka mwangalizi kila kituo, na kukadiria matokeo ya nchi: Ruto asilimia 50.7 na Odinga 48.7, kila moja ikiwa na mwanya wa makosa wa asilimia 2.1 juu au chini. Tangazo rasmi lilikuwa 50.49 na 48.85, kwa hiyo lilikuwa ndani ya makadirio. Angalia pia mpaka wa njia hii. Pengo la wagombea lilikuwa asilimia 1.64, dogo kuliko mwanya wenyewe. Sampuli inaweza kusema kwamba tangazo haliko mbali na ukweli. Haiwezi kuapa kwamba mtu amevuka nusu. Kwa hilo hakuna njia ya mkato: lazima fomu zote.

Na nusu ilivukwa kwa kiasi gani? Ruto alipata kura 7,176,141 kati ya kura halali za wagombea wote wanne, ambazo jumla yake ni 14,213,027. Alivuka nusu kwa kura zipatazo 69,600. Zigawanye kwa vituo vyote: ni kura 1 na nusu kwa kituo. Pengo kati yake na Odinga, 233,211, ni kura 5 kwa kituo. Anayedhani kosa la wastani wa kura 2 kituoni ni jambo dogo hajaona uzito wake.

Makosa yanavyotokea

Makosa mengi ya Fomu 34A ni ya uchovu. Msimamizi ameamka saa 9 usiku, anaandika usiku wa manane kwa taa hafifu, na bado ana kura za gavana, seneta, mwakilishi wa kike, mbunge na mwakilishi wa wadi za kuhesabu. Kosa la kawaida ni tarakimu kubadilishana nafasi. Tuseme, kwa mfano wa kubuni, kituo chenye wapigakura 612 kimetoa kura 301, 118, 4 na 1, jumla 424, na kura 5 zimekataliwa. Msimamizi akiandika 181 badala ya 118, safu inafika 487 ilhali chini ameandika 424. Tofauti ni 63. Tarakimu mbili jirani zikibadilishana nafasi, tofauti hugawanyika kwa 9 kila mara, na 63 inagawanyika. Anayekagua akiona tofauti ya namna hiyo aanze kutafuta tarakimu zilizogeuzwa kabla hajatamka neno wizi.

Aina ya pili ni kura kuandikwa kwenye mstari wa jirani. Hii ni hatari zaidi kwa sababu jumla hubaki sawa na hesabu haigutuki. Hugunduliwa kwa kulinganisha na vituo vingine vya shule ileile: darasa moja likimpa mgombea mdogo kura 290 na madarasa mengine yote yakimpa 2 au 3, kuna mstari uliorukwa. Aina ya tatu ni ya picha: fomu iliyokatwa pembeni, yenye kivuli, ya kituo kingine, au isiyo ya urais kabisa. Ya nne ni ya msomaji, si ya msimamizi. Moja ya mwandiko fulani ni saba kwa macho ya mwingine. Kuingiza data mara mbili kulibuniwa kwa ajili ya macho ya namna hiyo.

Kila fomu inapaswa kupita masharti yafuatayo. Kura za wagombea zijumlishwe zilingane na kura halali. Halali na zilizokataliwa, pamoja, zisizidi waliosajiliwa. Waliosajiliwa wasizidi 700 na walingane na sajili iliyochapishwa kabla ya uchaguzi. Msimbo usijirudie. Fomu isiyopita inawekwa kando kwa jicho la tatu, haifutwi wala haisahihishwi na mwenye kuingiza. Kusahihisha kwa kubahatisha ndiko kunakoharibu hesabu za watu waaminifu.

Kisha kuna fomu za kughushi. Zilisambaa kwenye mitandao ya kijamii picha za fomu zilizobadilishwa tarakimu. Dawa yake ni ndogo: soma msimbo, fungua fomu hiyohiyo kwenye tovuti, linganisha. Aliyeshiriki picha bila kufanya hivyo alikuwa amebeba taarifa bila kubeba wajibu wake.

Asilimia 100.01

Tarehe 15 Agosti Wafula Chebukati, mwenyekiti wa IEBC, alimtangaza Ruto kuwa mshindi, huku makamishna wanne kati ya saba, wakiongozwa na Juliana Cherera, wakijitenga na matokeo. Kesho yake walieleza sababu zao. Mojawapo ilikuwa kwamba asilimia za wagombea zikijumlishwa zinafika 100.01, na kwamba hiyo 0.01 ya ziada ni sawa na kura kama 142,000.

Sehemu hii ya kisa inaonyesha vizuri kuliko nyingine zote kwamba mamlaka ya kusema yalikuwa yamehama. Muda mfupi baada ya kikao, watu waliokuwa na kikokotoo cha simu walikuwa wakirudisha jibu. Asilimia 0.01 ya kura milioni 14.2 ni kura 1,421, si 142,000. Nukta ilikuwa imeteleza nafasi mbili. Na hata hizo 1,421 hazikuwa kura. 50.4899 iliandikwa 50.49, 48.8491 ikawa 48.85, 0.4360 ikawa 0.44, 0.2251 ikawa 0.23. Zote nne zilikadiriwa kwenda juu, na ziada ikazaliwa na ukadiriaji huo. Miaka 15 kabla yake, kauli ya makamishna wanne ingekaa hewani kama hoja nzito kwa wiki nzima, kwa kuwa nani angekuwa na tarakimu za kuipinga?

Haifuati kwamba makamishna hao walikosea katika kila kitu. Walilalamika pia kwamba hatua ya mwisho ya kujumlisha Bomas ilifanywa bila wao. Mahakama ya Juu, katika uamuzi wa pamoja wa majaji 7 tarehe 5 Septemba 2022, ilisema kwamba kuhakiki na kujumlisha ni kazi ya tume, na mwenyekiti hawezi kujitwalia peke yake. Mahakama hiyohiyo iliona pia kwamba hawakuleta hati ya kuonyesha kura zilichezewa.

Kuhusu fomu zenyewe, walalamishi waliopinga ushindi wa Ruto mahakamani walidai kwamba kuna waliozikamata picha njiani na kubadilisha tarakimu kabla hazijafika kwenye tovuti. Dai hilo lilikuwa zito, na mwaka 2017 lingekuwa gumu kulithibitisha au kulikanusha. Mwaka 2022 lilipimika. Fomu halisi za vituo 41 vilivyotajwa zililinganishwa na picha za tovutini na nakala nyingine, na mahakama haikuona tofauti ya maana. Baadhi ya nakala zilizoletwa kama ushahidi wa wizi ndizo zilizoonekana kutolingana na nyingine zote. Hiyo ndiyo kazi ya nakala nyingi: inamlinda mgombea aliyeibiwa, na inamlinda pia aliyeshinda dhidi ya madai ya uongo.

Ambayo fomu haionyeshi

Fomu 34A huanza maisha yake kura zikishahesabiwa. Yaliyotangulia haiyaoni. Haijulikani kwayo nani alitishwa asitoke nyumbani, nani alihongwa, nani hakusajiliwa. Katika vituo zaidi ya 200, hasa Kakamega na Kibwezi West huko Makueni, vifaa vya KIEMS viligoma na sajili ya karatasi ikatumika baada ya kuchelewa. Mpigakura aliyechoka kungoja akarudi shambani hayumo kwenye tarakimu yoyote. Kituo ambako wakala wa upande mmoja hakuwepo kinaweza kutoa fomu safi kabisa, yenye hesabu inayolingana, ambayo haistahili kuaminiwa sawasawa na ile yenye sahihi za pande zote. Kwa hiyo anayekagua asiangalie tarakimu pekee. Ahesabu sahihi.

Wala karatasi haimlindi aliyeibeba. Afisa msimamizi wa uchaguzi wa Embakasi East alitoweka akiwa kazini Agosti 2022, na mwili wake ukapatikana siku chache baadaye. Mwaka 2017 Chris Msando, aliyesimamia teknolojia ya tume, aliuawa siku chache kabla ya uchaguzi. Uwazi uliosifiwa na ulimwengu ulisimama juu ya mabega ya watumishi ambao hawakupewa ulinzi uliolingana na uzito wa kazi yao, na ni aibu kuusimulia bila kuwataja.

Uwazi huo pia haukujengewa nyumba ya kudumu. Muhula wa Chebukati uliisha Januari 2023, na nchi ilikaa bila mwenyekiti wa tume hadi Julai 2025. Kifungu cha 39(1C) kinalazimisha fomu zichapishwe. Uharaka, mpangilio wa tovuti unaomwezesha mtu kufika kituoni pake kwa hatua chache, na uamuzi wa kutoweka tarakimu zisizo na picha vilitokana na watu na mazoea. Vinaweza kuondoka nao.

Kikundi cha eneobunge moja

Uchaguzi ujao ni Jumanne tarehe 10 Agosti 2027. Kikundi kinachotaka kufanya kazi hii eneobungeni kinahitaji watu 8 hadi 10. Kazi ya kwanza haihusu siku ya kura: ni kupata orodha ya vituo vyote vya eneobunge, pamoja na misimbo na idadi ya waliosajiliwa, wiki kadhaa mapema, na kuiweka kwenye jedwali lenye mstari mmoja kwa kila kituo. Bila orodha hiyo hakuna njia ya kujua fomu ipi haijafika, na fomu isiyofika ndiyo ya kuulizwa kwanza.

Wawili wanaingiza, kila mmoja kwenye jedwali lake bila kuona la mwenzake. Mmoja analinganisha na kuzifungua upya zile zinazopishana. Mmoja anapakua kila picha na kuihifadhi kwa jina la msimbo wake pamoja na saa ya kuipakua, kwani picha ya tovutini ikibadilishwa baadaye, nakala ya kwanza ndiyo itakayoonyesha. Waliobaki hawakai kwenye kompyuta. Wanakwenda vituoni, kuanzia vile vyenye mtandao dhaifu na vile ambavyo chama fulani hakina wakala.

Fomu 34B ikitoka, linganisheni mstari kwa mstari, si jumla kwa jumla. Makosa mawili yanayopingana hufichana ndani ya jumla. Mkikuta tofauti, andikeni msimbo, tarakimu ya 34A, tarakimu ya 34B, na mwambatishe picha zote mbili. Pelekeni kwa afisa msimamizi wa eneobunge siku hiyohiyo. Katiba inatoa siku 7 tu baada ya tangazo la urais kufungua kesi, na mahakama siku 14 kuimaliza, kwa hiyo ushahidi uliopangwa baada ya wiki mbili ni kumbukumbu tu.

Na wale wa vituoni wapige picha nakala ya mlangoni usiku uleule, pembe zote nne za karatasi zikionekana, msimbo ukisomeka, na mlango wenyewe ukionekana nyuma yake. Asubuhi darasa hufagiliwa, na karatasi hung'olewa pamoja na mabango.